Tembea

Tembea ni kitenzi cha Kiswahili kinachomaanisha kwenda kwa miguu, kuzunguka huku na huku kwa kujiburudisha, kusafiri, au kwenda kumwona mtu kwake. Gari au saa ikiwa inafanya kazi vizuri, husemwa kwamba nayo inatembea. Kutokana na kitenzi hiki tunapata matembezi, mtembezi, tembelea, tembeleana na tembeza. Makala haya yanafuata matumizi yake Kisumu na kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako maana ya ugeni imeshika nafasi ya mbele.

Mwanamke wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, akisema, "Jumamosi nilienda Siaya kutembea," hakuna anayefikiria miguu yake. Alipanda matatu, akashuka, akapokewa, akala. Kama kweli angetumia miguu angesema alienda kwa miguu, au kwa lugha ya mtaani, alipiga mguu. Ukimpigia simu siku hiyo, watoto wake watakujibu kwamba mama ametembea, yaani yuko ugenini. Matumizi haya yapo kwingineko Afrika Mashariki pia, lakini Kisumu yanapata nguvu kutoka Kijaluo. Humo neno wuotho ni kwenda kwa miguu na pia kusafiri, na wuoth ni safari. Bayo ni kuzungukazunguka au kutoka kwenda kwa watu. Limo ni kumtembelea mtu hasa, na wageni ni welo. Anayefikiri kwa Kijaluo na kusema kwa Kiswahili hulitwika neno tembea mizigo hiyo yote, na neno linaibeba bila taabu.

Hata jina la mji lina mwendo ndani yake. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Kisumu limetokana na kisuma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa wenzako wakati wa njaa na kubadilishana nao mali. Majirani Waluhya nao wana neno la mzizi huohuo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwaka 1901, na kituo hicho kikaitwa Port Florence, lakini jina lililodumu ni lile la watu waliokuja kwa miguu wakiwa na vikapu. Kiswahili chenyewe kilisogea kuelekea ziwani kwa njia hiyohiyo kabla ya garimoshi, pamoja na wapagazi na wafanyabiashara wa misafara ya Pwani iliyopitia Mumias.

Enda na tembea si pacha. Enda hudai mwisho wa njia: naenda soko la Kibuye, naenda kliniki. Tembea haidai. Kwa hiyo jioni, joto linapopungua, watu huteremka ziwani, Dunga au Hippo Point, kutembea, kunyoosha miguu, kupunga upepo, na hakuna anayewauliza wanafuata nini. Kuongeza kiunganishi "na" kunahitaji uangalifu: "anatembea na fulani" husikika kuwa ni wapenzi, na aliyekusudia barabara tu hana budi kusema walikuwa wakitembea pamoja.

Lugha ina akiba kubwa ya maneno ya namna ya kutembea. Anayenyata haweki kishindo, anayechechemea ana mguu mbovu, na anayepepesuka amezidiwa na pombe au homa. La kupendeza kuliko yote, kwa maoni yangu, ni jikongoja, yaani kujisogeza kwa shida kama mzee mwenye mkongojo. Fimbo na mwendo vimezaliwa na neno moja. Sota, kwa asili, ni kujiburuta kwa makalio, lakini kwa vijana wa Kenya aliyesota ni asiye na hata nauli. Aliyesota ndiye anayepiga mguu kutoka mitaa ya Obunga au Manyatta hadi mjini, kwa hiyo maana mpya haikwenda mbali na ya zamani.

Tembeza ni kumfanya mtu au kitu kitembee, na ndiyo kazi ya wachuuzi wengi wa Kisumu. Karanga, mayai ya kuchemsha na nguo za mitumba hutembezwa kutoka Kibuye hadi Mtaa wa Oginga Odinga, siku nzima, juani. Nisingependa mchuuzi huyo aitwe mzururaji, ingawa ndilo jina analopewa akikamatwa.

Zurura, randa na tangatanga hutaja mwendo usio na shughuli, na hukumu imo ndani ya neno. Hukumu hiyo iliwahi kuwa sheria ya kikoloni. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande, yaani kitambulisho chenye alama za vidole, mara nyingi ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mtu akikutwa njiani bila hicho aliadhibiwa. Kipande kilifutwa mwaka 1947. Hata hivyo, Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilibaki na kosa la uzembe na uzururaji katika kifungu cha 182. Tofauti ya mtembezi na mzururaji haiko miguuni. Iko katika jicho la anayetazama, na kwa muda mrefu jicho hilo lilikuwa la askari.

Methali nazo hazikubaliani. Moja yasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nyingine yaonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Aliyeacha kufika kwa jamaa zake husemwa amekata mguu, na siku akitokea atalakiwa kwa lawama: "Umepotea!"

Kitenzi cha mwisho ni sindikiza, ambacho kwa Kijaluo ni kowo. Kutembea kwa mtu hakuishii mlangoni. Mgeni akiaga, mwenyeji hutoka naye, pengine na watoto wakibeba kifurushi cha omena, na mazungumzo ambayo hayakusemwa ndani husemwa hapo njiani. Wakifika stejini husimama tena, hadi bodaboda ipatikane.