Mguu wa Dereva na Gari Linalojiendesha

Historia ya gari linalojiendesha husimuliwa kwa kawaida kama tawi la historia ya kompyuta, na ile ya gari la umeme kama tawi la historia ya betri, na katika simulizi zote mbili dereva hubaki pembeni. Hata hivyo, mambo hayo mawili yalikutana zamani katika kiungo kimoja cha mwili, yaani mguu wa kulia, kwa kuwa mguu huo ndio unaoamua gari litumie nishati kiasi gani, na ndio uliokuwa wa kwanza kupumzishwa na mashine. Anayefuatilia jinsi madereva walivyoishi na vifaa hivyo ataona kwamba kubana matumizi na kuliachia gari lijiendeshe ni mambo yaliyokaribiana sana mwanzoni, kisha yakaachana njia, na mpaka leo hayajapatana.

Katika magari ya kwanza ya umeme mguu haukuwa na kazi kubwa. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192, na kati ya hayo 1,575 yalikuwa ya umeme, yakizidiwa kidogo tu na yale ya mvuke na kuyapita kwa mbali yale ya petroli. Katika Detroit Electric, gari lililoanza kuundwa mwaka 1907 na ambalo hata Clara, mke wa Henry Ford, alikuwa nalo licha ya umaarufu wa magari ya mumewe, dereva aliketi kana kwamba yumo sebuleni, akiongoza magurudumu kwa fimbo badala ya usukani wa duara, na kupandisha mwendo ngazi kwa ngazi kwa fimbo nyingine, mpaka kufikia takriban kilomita 32 kwa saa. Mnunuzi alitarajia kwenda kilomita 130 hivi kwa chaji moja, lakini katika jaribio moja gari la aina hiyo lilikwenda kilomita 340 kabla ya betri kuisha. Pengo kati ya takwimu hizo mbili linaeleza jambo ambalo mwenye gari la umeme wa leo hulijua vizuri: umbali si sifa ya betri peke yake, bali ni sifa ya betri pamoja na mwendo, njia, na tabia ya aliyeshika chombo. Elimu hiyo ilififia pale kiwashio cha umeme kilichobuniwa na Charles Kettering kilipowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912 na kuondoa adha ya kuzungusha injini kwa mkono, kwani tangu hapo petroli ilitawala barabara, na petroli ilikuwa rahisi kiasi kwamba wengi hawakuona sababu ya kuihesabu.

Ilihesabiwa tena wakati wa vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha maili 35, yaani kilomita 56, kwa saa, ili kuokoa mafuta na mpira wa matairi, na katika miaka hiyo mhandisi Ralph Teetor wa Indiana alikuwa akishughulikia kifaa cha kulishika gari katika mwendo mmoja. Teetor alikuwa kipofu tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye alipokuwa akizungumza alilegeza mguu na alipokuwa akisikiliza akakanyaga, hata gari likawa linakwenda kwa kurukaruka. Mtu anayeona barabara huenda asingelijali hilo, lakini kwa asiyeona, mwendo ndio habari pekee anayopewa na gari. Kwa hiyo kifaa hicho kilichoupokonya mguu kazi yake kilitoka kwa abiria, si kwa dereva, na jambo hilo halipaswi kupuuzwa, kwa sababu mabishano mengi yaliyofuata yalihusu nani hasa anahudumiwa.

Teetor alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, mwaka 1950, na Chrysler ikakiweka kifaa hicho katika magari yake ya mwaka 1958. Kifaa hicho, kinachoweza kuitwa kishikamwendo, kisichanganywe na kidhibiti mwendo ambacho Kenya ilikilazimisha kwenye matatu mwaka 2004 ili zisizidi kilomita 80 kwa saa: kidhibiti mwendo humzuia dereva asivuke kikomo huku mguu wake ukiendelea na kazi, ilhali kishikamwendo humwondolea kazi yenyewe. Chrysler ilikipa jina la Auto-Pilot, ingawa hakikuona kitu wala hakikugusa usukani, na huo ukawa mwanzo wa desturi ya kukipa kifaa jina linalozidi uwezo wake.

Uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 ndio uliokifanya kishikamwendo kitafutwe, kwa maelezo kwamba mwendo usiobadilika hula mafuta kidogo. Maelezo hayo ni ya kweli katika barabara tambarare, kwa sababu kila gari linapopunguzwa mwendo kwa breki na kuongezwa tena, nishati iliyokwisha kulipiwa hupotea kama joto. Mlimani hali ni tofauti. Dereva mzoefu huliacha gari lipunguze mwendo linapopanda na kuuokota mwendo linapoteremka, kwa hekima ileile inayowafanya baadhi ya madereva wa masafa marefu wa Afrika Mashariki kuweka gari frii kwenye mteremko, desturi ya hatari inayojulikana vizuri na askari wa barabarani. Kishikamwendo hakijui kilima, hivyo hukazana kupanda kwa mwendo uleule na kutumia zaidi ya ambavyo mguu uliofundwa ungetumia.

Gari la umeme liliporudi, mguu ulipewa madaraka ambayo haukuwahi kuwa nayo. General Motors ilikodisha EV1 zake 1,117 kuanzia mwaka 1996, bila kuziuza, na kwa kuwa betri za kwanza za risasi hazikufika mbali, wahandisi walilipunguzia gari ukinzani wa hewa kwa umbo kama la tone la maji, na kuliwekea breki rejeshi, yaani mfumo unaoigeuza mota kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo ili umeme urudi betrini. Waliokodi walijikuta wakisoma kipimo cha betri kama nahodha anavyosoma upepo, na katika miaka hiyo ndipo lilipopatikana neno la kuielezea hofu ya kuishiwa chaji njiani, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita wasiwasi wa masafa. Magari yenyewe yalirudishwa kwa mwenyewe na mengi yakapondwa, jambo lililowauma waliokuwa tayari kuyanunua. Funzo la breki rejeshi lilibaki, nalo halikueleweka upesi: umeme unaorudi huwa pungufu ya ule uliotumika, kwa hiyo dereva anayebana nishati si yule anayefunga breki vizuri, bali ni yule anayeiona taa nyekundu mapema na kuachia kanyagio bila haraka. Ukinzani wa hewa nao hukua kwa kipeo cha pili cha mwendokasi, ndiyo maana kilomita chache za ziada kwa saa katika barabara kuu hulipiwa ghali.

Macho ya mashine yalikuwa yakikua mahali pengine. Ernst Dickmanns na wenzake wa Munich walisafiri mwaka 1995 hadi Odense, Denmark, na kurudi, zaidi ya kilomita 1,700, huku kamera na kompyuta zikiliendesha gari sehemu kubwa ya njia. Mwaka huohuo gari la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lilivuka Marekani likijiongoza usukani karibu safari nzima, ila kanyagio na breki zilibaki kwa binadamu. Kilichomfikia mnunuzi wa kawaida kilikuwa kishikamwendo chenye rada, kinachopima umbali wa gari lililo mbele na kupunguza mwendo chenyewe, ambacho Mercedes-Benz ilikileta mwaka 1999.

Nyuzi hizo mbili zilifungwa pamoja Oktoba 2015, Tesla ilipotuma kwa intaneti programu iliyoyawezesha magari yake ya umeme kushika njia, kupima umbali na kuhama mstari, na kuiita kwa jina lilelile la zamani, Autopilot. Wengi walisifu jinsi ilivyowapunguzia uchovu katika safari ndefu na foleni. Wengine walilalamikia breki za mzuka, yaani gari kufunga breki ghafla pasipo kizuizi chochote, na malalamiko hayo yaliifanya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ifungue uchunguzi mwaka 2022. Kwa yule anayehesabu kilowati-saa, kipimo cha umeme unaotumika, kila breki ya mzuka ni hasara ndogo juu ya hofu kubwa.

Tatizo zito zaidi lilikuwa la uangalizi. Katika ngazi sita, kuanzia sifuri hadi tano, zilizowekwa mwaka 2014 na chama cha wahandisi SAE ili kupima kiasi ambacho gari linajiendesha, Autopilot ni ya ngazi ya pili tu: mashine hufanya kazi ya mikono na miguu, lakini binadamu hubaki na wajibu wa kuangalia. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alikuwa ameonya mwaka 1983, akizungumzia viwanda na si magari, kwamba mtu aliyenyang'anywa kazi na kuachiwa ulinzi hupoteza ustadi ambao atauhitaji siku mashine itakaposhindwa. Mwezi Mei 2016 dereva mmoja alikufa Florida baada ya gari lake, likiwa chini ya Autopilot, kugonga lori lililokuwa likikatiza barabara, na Desemba 2023 Tesla ilitakiwa kurekebisha programu katika magari zaidi ya milioni mbili ili yamhimize dereva kuwa makini.

Kwa upande wa ubanaji, kipimo cha juu bado kilibaki kwa binadamu. Mwezi Aprili 2022 madereva wa Mercedes-Benz waliliendesha gari la majaribio liitwalo EQXX kutoka Sindelfingen, Ujerumani, hadi Cassis, Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa chaji moja, likitumia kilowati-saa 8.7 kwa kila kilomita 100. Programu haikuachiwa safari hiyo. Ilikaa kando kama utingo, ikimshauri dereva namna ya kubana umeme, na mguu ukabaki kwenye kanyagio.