Kutoka "Tanzania Yetu" hadi "Chibite"

Mwaka 1985 kampuni ya Triple Earth ya Uingereza ilitoa santuri ya Hukwe Ubi Zawose na wenzake iitwayo Tanzania Yetu. Zawose alikuwa Mgogo, mzaliwa wa Doduma, mkoani Dodoma. Ala zake zilikuwa ilimba na zeze. Hata hivyo, santuri hiyo iliyotangulia nyingine zake huko Ulaya ilibeba jina la Kiswahili. Kwa nini?

Jibu limo katika historia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na ngoma za makabila zikapandishwa jukwaa la taifa. Zawose naye akaitwa Dar es Salaam, kisha akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ngoma ya Ugogo ikawa mali ya Watanzania wote. Neno "yetu" lilibeba imani hiyo.

Lakini jina halikubadili sauti. Ilimba ilibaki sanduku la mti lenye vyuma vingi. Baadhi hupigwa kwa vidole gumba, vingine huitikia vyenyewe. Tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Uimbaji ulibaki wa Kigogo, sauti juu ya sauti.

Mwaka 1996 Zawose na mpwawe Charles walitoa Chibite, chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Safari hii jina lilikuwa la Kigogo. Msomaji wa sarufi atalitambua kwa urahisi: chi- hufanya kazi ya tu- yetu, na -bita ni kwenda. Chibite: twende.

Zawose alifariki Desemba 2003. Hapa Kibaigwa, mji wa soko la mahindi, wafanyabiashara wa kila kabila hupatana bei kwa Kiswahili, na ni heri iwe hivyo. Lakini nimewasikia vijana wa Kigogo wasioweza kusema "twende" kwa lugha ya bibi zao. Kiswahili hakikuwanyang'anya, sisi wazee ndio tuliodhani kwamba ili kupata "yetu" ni lazima kupoteza "chibite". Zawose aliyatamka yote mawili, wala moja halikulifukuza jingine.