"Jumper" na juba: ndugu waliopotezana



Baridi yetu ya kwanza hapa Uingereza, mwanangu alirudi kutoka skuli na barua: kila mtoto aje na "jumper", na jina liandikwe ndani. Mama watoto akaniuliza, "Hicho cha kurukia ni kitu gani?" Sote tulijua "jump" ni kuruka, basi tukadhani wanataka kamba ya mazoezi. Kumbe ni sweta!

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hili, maana nimewahi kusikia watu wetu wakijigamba ati Waingereza wamelitoa kwetu. Ukweli si huo, lakini ni mtamu kuliko majigambo.

Tuanze na maana. Kwa Mwingereza, "jumper" ni vazi la kufuma, aghlabu la sufu, linalovaliwa kwa kupitishwa kichwani. Mmarekani naye akilisikia hufikiria gauni lisilo na mikono, la kuvaliwa juu ya blauzi. Kwa hivyo mwenye dada London na mwengine Chicago aangalie sana anapoagiza zawadi.

Asili yake haina sufu kabisa. Katika miaka ya 1850 "jumper" ilikuwa koti pana la turubai au pamba, nguo ya kazi ya mabaharia na vibarua. Maana ya sweta imekuja karne ya 20. Nyuma zaidi, karne ya 17, Waingereza walikuwa na koti fupi la kiume wakiliita "jump". Wanakamusi wengi wanaona kwamba huenda hilo ni neno la Kifaransa "jupe", lililopindwa na midomo ya watu mpaka likafanana na lile la kuruka.

Na "jupe" je? Hapa hakuna ubishi mkubwa: ni "jubba" ya Kiarabu, iliyoingia Ulaya kwa njia ya Italia, ambako mpaka leo wanasema "giubba". Tukumbuke kwamba Waislamu walikitawala kisiwa cha Sicily tangu karne ya 9 hadi ya 11.

Sasa mtu wa pwani ameshatabasamu. Si ndilo juba letu hili, wanalovaa masheikh wa Unguja na Lamu? Ndilo hasa. Sisi tulilipata kwa Bahari ya Hindi, wao kwa Mediterania. Letu limebaki karibu na lilivyokuwa. Lao lilibadilishwa kila lilikopita. Mfaransa leo akisema "jupe" anakusudia sketi ya kike, na Mrusi akisema "shuba" anakusudia koti zito la manyoya. Yote ni mjukuu wa jubba.

Basi "jumper" halikutoka kwenye Kiswahili. Likiwa kweli ni la ukoo huu, ni binamu yake juba, na ule uhusiano wa "jump" na "jupe" tuuseme kwa "huenda".

Lakini kuna funzo. Wako wanaohesabu maneno ya Kiarabu katika Kiswahili kisha wakatuambia hatuna lugha yetu wenyewe. Kwa mizani hiyo Kifaransa, Kirusi na Kiingereza navyo vifutwe! Lugha hukopa nguo kama watu wanavyokopa. Anayeivaa akaikata kwa kimo chake, imekuwa yake. Sisi wenyewe tumechukua sweta kwa Waingereza, kwao neno la kutoka jasho, na jezi, inayotokana na jina la kisiwa cha Jersey. Nani leo anayeshangilia timu yake akakikumbuka kisiwa hicho?

Nyumbani kwetu shauri limekwisha. Asubuhi barafu ikiganda dirishani, mama watoto humwita mtoto mlangoni: "Wee, rudi uvae juba lako!" Na mtoto anarudi kuchukua sweta.