Betri Ilikufa, Setilaiti Ikafufuka

Tarehe 21 Juni 2002, Mwingereza mmoja mpenzi wa redio, Pat Gowen, alinasa mlio wa Morse kwenye masafa ya karibu megahezi 146. Ulikuwa unatuma namba, polepole, kama zilivyofanya setilaiti za miaka ya sabini. Wajuzi walipopiga hesabu walipata jibu moja: AMSAT-OSCAR 7. Shida ni kwamba huyo alikuwa marehemu tangu 1981.

AO-7 ilirushwa 15 Novemba 1974 kutoka Vandenberg, California, ikiwa imedandia roketi iliyobeba setilaiti ya hali ya hewa. Kudandia ndilo neno lenyewe. Haikuwa mali ya jeshi wala serikali. Iliundwa na watu wa redio ya ridhaa, wale wanaoongea hewani kwa mapenzi tu, bila kulipwa. Kilo 29 hivi, theluthi ya gunia la mahindi. Ilipokea sauti yako, ikaikuza na kuirudisha chini, ukapiga stori na mtu wa bara lingine. Ilifanya kazi hiyo miaka 6 na zaidi, kisha betri zikapiga shoti.

Sola zilikuwa bado nzima, lakini umeme wote ulimezwa na ile shoti. Baadaye betri ikaharibika zaidi: njia ya umeme ndani yake ikakatika kabisa. Basi umeme wa sola ukakosa pa kupotelea, ukaenda moja kwa moja kwenye mitambo. Fundi yeyote wa redio mtaani atakuelewa ukimwambia kitu kilipona kwa kuharibika mara ya pili. Tangu hapo AO-7 huishi kwa jua peke yake. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazima. Ikitoka inaamka upya, haikumbuki ilikuwa inafanya nini.

Stori inayonikamata zaidi ni ya Poland. Desemba 1981 serikali ya kikomunisti ilitangaza utawala wa kijeshi, ikakata simu na kufungia redio za ridhaa. Simu ziliporudi, sauti ilikuonya kwamba mazungumzo yako yanasikilizwa. Inasimuliwa kwamba 1982 wanaharakati wa Solidarność Walcząca, kundi la siri la Wrocław, waligundua AO-7 huzinduka mara mojamoja ikipigwa na jua, wakaitumia kuwasiliana na wenzao wa miji mingine. Cheki akili hiyo. Simu inategwa, barua inafunguliwa, lakini nani ataweka askari kulinda maiti? Kama ni hivyo, sisi wengine tulichelewa miaka 20 kusikia.

AO-7 haiko peke yake. Januari 2018 Scott Tilley, mpenzi wa redio wa Kanada, alikuwa anasaka setilaiti ya siri ya Marekani akakuta IMAGE, chombo cha NASA kilichonyamaza Desemba 2005. NASA wenyewe walihangaika kusoma data yake, maana mitambo na programu za kuiendesha zilikuwa zimepitwa na wakati, hazipo tena. Wiki chache baadaye ikanyamaza.

AO-7 haihitaji ofisi. Ilipofikisha miaka 50, Novemba 2024, watu walikuwa bado wanapitisha sauti zao humo, mradi jua linaipiga.