Darubini ya bunduki

Darubini ya bunduki ni kifaa cha lenzi kinachofungwa juu ya bunduki ili kuikuza taswira ya shabaha, nacho huwa cha ukuzaji usiobadilika au unaobadilika. Katika maandishi 4x32, namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ilhali 3–9x40 humaanisha kwamba mlengaji huzungusha pete kuchagua ukuzaji kati ya mara 3 na 9. Aina ya kwanza, kama PSO-1 ya Kisovieti yenye ukuzaji wa mara 4, ina sehemu chache zinazosogea, hivyo kwa kawaida huwa nyepesi na imara zaidi. Aina ya pili hufaa pale umbali wa shabaha unapobadilika, ingawa ukuzaji unapoongezeka eneo linaloonekana hupungua, na mwali wa nuru unaofika jichoni huwa mwembamba: kwa lenzi ya milimita 40 na ukuzaji wa mara 9, kipenyo chake ni milimita 4.4 tu, upungufu unaohisika hasa alfajiri na magharibi. Alama ya kulengea ikiwekwa nyuma ya lenzi zinazobadilisha ukuzaji, ukubwa wake machoni haubadiliki, hivyo mistari yake ya kukadiria umbali huwa sahihi kwa ukuzaji mmoja pekee, mara nyingi ule wa juu kabisa.