Maji, mafuta na maji taka: Kazi zinazoamua safari ya garimoshi

GARIMOSHI halisimami stesheni kwa ajili ya abiria pekee. Ni sharti litiwe mafuta, lijazwe maji na kuondolewa uchafu. Mojawapo ya kazi hizo ikipuuzwa, ama safari hukatika njiani au afya ya watu huingia hatarini.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mnamo 1896, simba wa Tsavo ndio waliovuma, lakini kiu iliwatangulia. Nyika ya Taru haikuwa na maji, na yale ya vibarua na ya injini ilibidi yabebwe kwa garimoshi kutoka nyuma. Mwaka wa 1899 reli ilifika mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Palikuwa na mto, na palikuwa na uwanda wa kuweka karakana kabla ya mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Jiji kuu la Kenya lilianzia hapo.

Kiu ya injini ya mvuke ina sababu yake. Mvuke ukishasukuma pistoni hutoka nje pamoja na moshi, wala haurudi kwenye tangi. Ndiyo maana maji humalizika mapema kuliko kuni au mafuta. Mfano mzuri ni injini za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kila moja ilibeba galoni 2,700 za mafuta, sawa na takriban lita 12,000, lakini maji yalikuwa galoni 8,600, yaani karibu lita 39,000. Mojawapo, iliyopewa jina la Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi, na anayeitazama ataona kwamba sehemu kubwa ya mwili wake ni matangi.

Aidha, si kila maji yalifaa. Maji yenye chumvi na chokaa huacha ukoko mweupe, kama ule unaoonekana ndani ya birika la chai. Ukoko huo ukiwa mnene ndani ya boila, moto huchoma chuma badala ya kuchemsha maji, na hatimaye chuma hupasuka. Kwa hivyo maji yalitiwa dawa, na boila zilifunguliwa na kusafishwa kila baada ya muda maalumu.

Kuhusu mafuta, injini za mwanzo zilichoma kuni, na mikaratusi ilipandwa kandokando ya reli kwa ajili hiyo. Kazi ilikuwa chafu. Majivu yalichokolewa na kumwagwa katika shimo lililochimbwa kati ya reli, na cheche ziliweza kuwasha nyasi kavu. Baadaye yalikuja mafuta mazito, ambayo katika baridi ya nyanda za juu huganda kama samli na sharti yapashwe joto ndipo yatiririke.

Injini za dizeli, zilizoanza kuvuta magarimoshi ya masafa marefu Afrika Mashariki mnamo 1960, zilibadilisha hesabu yote. Dizeli haihitaji kunywa maji kila baada ya saa chache. Hujazwa mafuta kwenye karakana kubwa, pamoja na mchanga mkavu unaonyunyizwa kwenye reli ili magurudumu yasiteleze mlimani. Stesheni ndogo ambazo kazi yake kuu ilikuwa kunywesha injini zilipoteza sababu ya kuwapo, na wafanyakazi waliokuwa wakiishi hapo wakapoteza riziki.

Jambo ambalo halikubadilika upesi ni choo. Katika mabehewa ya zamani, uchafu uliangukia moja kwa moja kwenye reli, na ndiyo sababu abiria waliombwa wasiende haja wakati garimoshi limesimama stesheni. Ombi hilo liliwasitiri waliokuwa jukwaani. Halikumsaidia fundi anayekaza misumari ya reli kwa mikono yake, wala jirani anayechota maji mtoni chini ya daraja. Uchafu huo pia hula chuma cha reli. India, ambako walitoka wengi wa wajenzi wa reli ya Kenya, ilianza mnamo 2011 kutumia mabehewa yenye vyoo vya bakteria wanaomeng'enya kinyesi ndani ya tangi.

Kwingineko hutumika vyoo vya kufyonza kwa hewa, ambavyo hutumia maji kidogo sana na kuhifadhi uchafu katika tangi chini ya behewa. Tangi likijaa, choo hufungwa, hata kama safari imebakisha saa tatu. Kwa hivyo kituo cha mwisho sharti kiwe na pampu ya kunyonya, mfereji wa maji taka unaofanya kazi, na muda wa kutosha kabla ya garimoshi kugeuka.

Hapo ndipo hatari kubwa zaidi ilipo. Mfanyakazi huyohuyo anaweza kutakiwa kunyonya tangi la choo na kujaza maji ya kunawa katika behewa lilelile, huku saa ya kuondoka ikikaribia. Mpira wa maji safi haupasi kuguswa kwa glavu zilizoshika ule wa maji taka, wala kuachwa mdomo wake ukilala chini kwenye kokoto. Inapowezekana, kazi hizi mbili hupewa watu tofauti, na maji safi hutiwa kwanza.