Dakika 45 za Upande Mmoja

Wanaoandika juu ya muziki wa BDSM, yaani michezo ya mapenzi ya kufungana, kutawala na kutii, na kutiana maumivu kwa ridhaa, huanza karibu kila mara na nyimbo zinazoitaja. Watakutajia "Venus in Furs" ya The Velvet Underground, iliyotoka mwaka 1967 na kuchukua jina la kitabu cha Leopold von Sacher-Masoch cha mwaka 1870, kisha waruke hadi "Master and Servant" ya Depeche Mode ya mwaka 1984. Ni nyimbo nzuri, lakini zilitungwa zipigwe jukwaani na redioni. Muziki unaopigwa chumbani, mtu akiwa amefungwa mikono, una historia yake, na ninavyoiona mimi, historia hiyo imeongozwa na usalama na mashine kuliko ladha.

Tuanzie San Francisco. Mwaka 1974 Cynthia Slater alishiriki kuanzisha Society of Janus, chama cha kufundishana michezo hii bila kudhuriana. Mwaka 1975 Steve McEachern alifungua Catacombs katika chumba cha chini cha nyumba yake, mahali pa kuingia kwa mwaliko tu, na pakadumu mpaka alipofariki mwaka 1981. Mwanaanthropolojia Gayle Rubin aliandika habari za Catacombs miaka kumi baadaye, na maandishi yake yanaonyesha jinsi mwenyeji alivyopanga kila kitu kwa makini. Sasa fikiria chumba cha namna hiyo na kanuni ambayo kila mfungaji wa kamba hufundishwa mapema: aliyefungwa haachwi peke yake. Upande mmoja wa santuri hucheza kama dakika 20, kisha sindano inabaki ikikwaruza mpaka mtu ainuke akaigeuze. Nani ainuke? Aliyeshika kamba hapaswi kuondoka, na aliyefungwa hawezi. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Kanda ya dakika 90 ilitoa dakika 45 kwa upande mmoja, na mwenye nyumba aliweza kuirekodi siku kadhaa kabla: mwanzo wa pole, katikati ya kupanda, mwisho wa kumtuliza mtu aliyechoka. Kupanga huko ndiko kuchagua muziki kwa maana yake kamili, na kabla ya kanda kulikuwa kugumu mno.

Ushahidi wa pili ni wa mwendo. Patrick Cowley alifika San Francisco mwaka 1971 akasomea muziki wa elektroniki katika City College ya mji huo. Wacheza disko wanamjua kwa "Menergy" ya mwaka 1981, wimbo wa kasi uliotungwa kujaza uwanja wa dansi. Lakini mtu huyohuyo aliacha kanda nyingine, ambazo sehemu yake ilitumika katika filamu za ngono za mashoga na kukusanywa mwaka 2013 katika albamu ya "School Daze". Humo sintesaiza zinakwenda taratibu, mara nyingi bila mwimbaji, zikijirudia kama maji yanayodondoka pangoni. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Anayejua ngoma anajua kwamba mkono hufuata mdundo hata usipoamriwa. Anayepiga mjeledi akifuata mdundo wa disko atachoka haraka, atakosa shabaha, na hatapata nafasi ya kusikiliza pumzi ya mwenzake.

Hapo ndipo penye pingamizi zito: kama kusikilizana ndiko muhimu, kwa nini pasiwe kimya kabisa? Nakubali kwamba hoja hii ina nguvu. Mtu aliyezibwa mdomo hawezi kutamka neno la kusimamisha mchezo, kwa hiyo hupewa kitu cha kushika, tuseme funguo, na akitaka kuachwa huziangusha. Muziki unaomeza mlio wa funguo kwenye sakafu umekosewa, hata uwe mtamu vipi. Lakini kimya nacho kina gharama katika nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba, ambamo hofu ya kusikiwa na jirani humfanya mtu azuie sauti yake, na sauti iliyozuiwa haimwambii mwenzake chochote. Jibu ni muziki wa sauti ya chini, unaotanda chumbani, uliojaribiwa mapema kwa kuangusha funguo zenyewe.

Wapo pia wanaosema uchaguzi wa muziki huu ni mitindo tu, na mfano wao ni "Sadeness" ya Enigma, wimbo wa mwaka 1990 uliopewa jina kutokana na mwandishi Mfaransa Marquis de Sade, ambao vyumba vya namna hii viliupokea mpaka ukachosha. Naona mfano huo unanisaidia mimi. Maneno yake ni Kilatini cha watawa na Kifaransa cha kunong'ona, lugha ambazo wengi wa wasikilizaji wake hawakuzijua, basi sauti ikabaki kuwa ala na haikushindana na neno la mtu aliyemo chumbani. Nyimbo nyingine pia zilimtaja Sade au mijeledi. Huu ulidumu kwa sababu uliacha nafasi. Siku hizi muziki unatoka kwenye simu, inayocheza usiku kucha bila kugeuzwa, lakini tangazo la biashara linaweza kupasuka katikati au ujumbe wa kazini ukalia. Kwa hiyo watu makini hupakua nyimbo mapema, huzima mtandao, na kuiweka simu mahali ambapo mkono usioshika kamba unaifikia.